Mti Uliotaka Kuangaliwa

Wa kwanza kuuona alikuwa mama mwenye nyumba, fundi wa mapazia. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye cherehani yake, uzi ukakatika, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha ili aitunge upya, na msitu wa ng'ambo ya bonde ukamjia machoni kana kwamba umeletwa usiku uliopita. Mwaka mzima ule msitu ulikuwa kijani tu, ukuta mmoja wa majani. Sasa baridi ilikuwa imeondoka, mvua za kwanza zimeshuka, na miti ya porini ambayo hakuna mtu aliyeipanda wala aliyejua kama ipo ilikuwa imejitokeza mmoja mmoja. Huku zambarau, kule manjano, chini karibu na mto mwekundu kama kaa la moto. Na katikati kabisa, pale msitu unapokuwa mzito, ulisimama mmoja mweupe pe, mkubwa kuliko yote, hauna jani hata moja.

Fundi aliiweka sindano mezani. Alikuwa mtu wa vitambaa. Rangi nzuri ilimfurahisha kama wengine wanavyofurahishwa na muziki.

"Baba Chiriku, hebu njoo uone."

Mumewe alikuja na kikombe chake cha chai. Alikuwa dereva wa gari la mikate, na mji mzima ulimwita Breki, kwa sababu alikuwa akishika breki hata kwa kuku ambaye bado hajaamua kuvuka barabara.

"Naam, maua yamechanua," alisema. "Ile zambarau imependeza."

"Mimi nasema ule mweupe."

"Mweupe upi?"

"Ule wa katikati. Mkubwa ule! Kama shuka limeanikwa."

Breki alikaza macho, akasogea, akarudi nyuma, akafuta kioo kwa kiganja. "Mama Chiriku, pale katikati ni majani matupu. Hiyo sindano imekumaliza macho. Nitakutafutia miwani."

Akaenda zake kazini akicheka, na Fundi akabaki na hasira ndogo ya mtu anayebishiwa kitu anachokiona. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye angetoa chochote alirudishe. Alimwita binti yake.

Binti yao wa pekee alikuwa msusi katika saluni moja mjini. Jina la Chiriku alipewa akiwa mdogo, na hakuna aliyewahi kujuta kumpa. Alikuwa akiongea akila, akiongea akipiga mswaki, akiongea usingizini, na wateja walikuwa wakimfuata saluni nusu kwa mikono yake na nusu kwa maneno. Aliingia chumbani amefunga taulo kichwani, tayari yuko katikati ya kisa cha mteja mmoja aliyetaka kusukwa mtindo wa picha ya miaka kumi iliyopita.

"Hicho kisa kitangoja," Fundi alimwambia. "Angalia msituni. Unauona mti mweupe?"

"Mweupe? Sioni. Basi yule mama akaniambia—"

"Tulia." Fundi akasimama nyuma yake, akamshika kidevu kwa vidole viwili na kumgeuza uso polepole, kama anavyonyoosha kitambaa chini ya sindano. "Anza na ule wa manjano. Umeuona? Sasa nenda kulia. Taratibu. Shuka kidogo. Hapo."

"Mama, sioni ki—"

Neno lilikatikia mdomoni. Fundi alihisi kidevu cha mwanawe kinakuwa kizito kati ya vidole vyake.

"Nimeuona," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. Halafu akasema, "Umegeuka."

"Nini kimegeuka?"

Chiriku alipepesa macho, akacheka kidogo. "Sijui. Nimesema tu."

Akaenda kuvaa. Fundi akarudi kwenye cherehani, moyo wake mweupe, kwa kuwa alikuwa ameshinda ubishi. Ilikuwa mchana ndipo alipotambua kwamba binti yake ameondoka nyumbani bila kumaliza kile kisa.

Harufu ilikuja baada ya siku chache. Mwanzoni ilikuwa tamu, kama asali iliyopashwa moto, na Fundi alifungua madirisha ili iingie vizuri. Kisha akaona kwamba upepo unavuma kuelekea msituni, unayapeperusha mapazia nje ya dirisha, na harufu hata hivyo inakuja. Akayafunga madirisha. Harufu ikazidi. Na chini ya ule utamu kulikuwa na harufu nyingine, ya chumba kilichofungwa muda mrefu huku mtu akiwa ndani.

Petali nyeupe zikaanza kuonekana ndani ya nyumba. Moja ilikuwa kwenye droo ya vifungo, ambayo ilikuwa na kufuli. Nyingine ilikuwa ndani ya cherehani, imebanwa chini ya mguu wa sindano, imeshonwa tayari kwenye pindo la pazia la mteja kwa uzi ambao Fundi hakuwa nao. Alilifumua lile pindo, na hakumwambia mtu.

Maua ya zambarau yalipukutika. Ya manjano yakapukutika. Yale mekundu ya mtoni yakaoshwa na mvua. Mti mweupe uliendelea kusimama vilevile.

Siku moja mwenye saluni alipiga simu.

"Mama, kulikoni kwa Chiriku?"

"Yuko huko kwako, si ndiyo?"

"Alikuwepo. Ameniachia mteja na nusu kichwa. Upande mmoja umesukwa, upande mwingine kama kichaka. Aliinuka tu, akaweka kitana chini, akatoka. Na mama, sijui niseme vipi... wiki nzima hajaongea. Chiriku! Wateja wanauliza kama ana msiba."

Nyumbani pia Fundi alikuwa ameuona ukimya huo, akaudhania uchovu wa kazi. Alimkuta chumba cha kushonea, kwenye kile kiti chake mwenyewe, ameelekea dirishani. Mikono ilikuwa magotini, mgongo umenyooka, uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza habari njema.

"Mwanangu?"

Fundi alisogea hatua moja.

"Chiriku, mama yako nakuita."

"Mzuri," alisema Chiriku. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Hakupepesa.

Fundi alifanya kile alichokijua kufanya. Alitoa kabatini kitambaa kizito kuliko vyote, kile cha kuzuia mwanga alichokuwa akiwauzia wenye hoteli, akakitundika dirishani tabaka mbili. Chumba kikawa giza katikati ya mchana, naye akavuta pumzi. Kisha akawasha taa, akamtazama binti yake, na pumzi ikamrudi kifuani. Macho ya Chiriku hayakuwa yamesogea hata kidogo. Yalikuwa yakiangalia pazia kama mtu anavyoangalia kioo, na kila mara kitu kilipopeperuka huko mbali, mboni zake zilikifuata.

"Mama," Chiriku alinong'ona, "kitambaa hakizibi."

Na halafu, kutoka kinywa kilekile, ingawa midomo haikusogea, ikatoka sauti nyingine ambayo haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume, kavu kama matawi mawili yanayosuguana.

"Usinizibe. Nimechanua miaka na miaka. Watu hupita tu."

Fundi alitoka chumbani kinyumenyume. Breki aliporudi alimkuta ameketi kizingitini, na kwa mara ya kwanza akamwambia yote. Breki hakucheka. Aliingia ndani akachuchumaa mbele ya binti yake, akapunga mkono mbele ya macho yake, akapuliza kidogo, akaita jina lake la kweli ambalo hawakuwa wamelitumia tangu walipompa lile la utani. Kisha akaona kitu cheupe kimejikunja kwenye kona ya jicho la kushoto, chini ya kope.

"Una uchafu hapo, mama yangu," akasema kwa upole, jinsi alivyokuwa akimsemesha alipokuwa mtoto, akanyoosha kidole akauvuta. Ukaja. Ukaendelea kuja, mrefu, laini, wenye unyevu, petali nzima ikafunguka kwenye kiganja chake, na nyuma yake, ndani ya kope, ncha ya nyingine ilikuwa imekwisha kuchungulia.

Breki, ambaye hakuwahi kuendesha gari kwa kasi maishani mwake, aliendesha siku hiyo. Hospitali waliambiwa macho yamekauka, wakapewa dawa ya matone. Matone yaliteleza shavuni kama maji juu ya nta. Usiku Chiriku alikaa vilevile, na asubuhi pia, na chakula alichowekewa mdomoni kilibaki mdomoni.

Mwanamke mmoja wa kiwanda cha mikate ndiye aliyemwelekeza Breki kwa mganga. Mganga huyo alikuwa mama wa makamo aliyekuwa na vyumba viwili nyuma ya karakana ya wachomeleaji, na walipoingia alikuwa ameshika simu akigombana na mtu kuhusu bomba la maji. Aliikata, akamtazama Fundi, na kabla hawajaketi alikunja uso.

"Mmekuja na harufu," alisema. "Nani aliuona kwanza?"

"Mimi."

"Na mgonjwa, nani alimwonyesha?"

Cheche zilikuwa zikiruka nje, chuma kikilia. Fundi alifunika mdomo kwa mtandio wake. "Mimi. Nilimshika kidevu, mama. Hakuwa akiuona. Nilimshika nikamgeuza."

Mganga hakumlaumu. Alisogeza kiti karibu, akaongea chini kwa chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye chumba cha pili.

"Wako majini wanaotaka damu, wako wanaotaka mume au mke. Hao nawajua, nina la kuwafanya. Huyu wako anataka kuangaliwa, basi. Amekaa mle msituni kabla ya mji huu, anachanua, anapukutika, watu wanapita. Wengi hawamwoni hata wakimtazama, kama huyu mume wako. Anayemwona, jini naye humwona. Akiangaliwa na mtu mmoja tu, anamnywa mpaka anakauka."

"Mfukuze," Breki alisema. "Taja unachotaka."

"Nimfukuze nimpeleke wapi, baba? Yuko kwake. Sisi ndio tuliomchungulia dirishani." Akamgeukia Fundi. "Uliyemwonyesha ndiye utakayeongea naye. Nenda mchana, jua likiwa juu. Usimwombe huruma, hana. Mpe kitu badala ya kitu. Na usimpe zaidi ya unachoweza kutoa, maana atachukua."

"Nitamkuta vipi?"

"Hutapotea, mwanangu. Anakusubiri."

"Waliokwenda kabla yangu walikuta nini?"

Mganga alichezea simu yake. "Hawakunisimulia," alisema.

Walimwacha Chiriku na mama yake mdogo, wakaenda na gari la mikate mpaka njia ilipokwisha. Ndani ya gari harufu ya mikate ya asubuhi ilipambana na ile harufu nyingine, na mkate ukashindwa. Breki alizima injini.

"Nitapiga honi," alisema. "Nikipiga, uitikie. Usipoitikia nakuja, nimwone nisimwone."

Fundi aliingia msituni. Mwanzoni ulikuwa msitu kama misitu mingine, wenye ndege na matope na miiba inayoshika gauni. Kisha ndege wakanyamaza. Alisikia mvumo, akadhani ni nyuki, akatafuta nyuki na asione hata mmoja. Na kadiri alivyokwenda ndivyo mvumo ulivyozidi kufanana na watu wengi wanaoguna pamoja midomo imefungwa, na harufu ikawa nzito kiasi kwamba aliionja kwenye meno, ule utamu wa asali na chini yake kile chumba kilichofungwa, na mwanga wa mchana ukaanza kuwa mweupe ingawa juu yake majani yalikuwa yameshonana, mweupe wa kuanzia chini, unaotoka ardhini, kwa sababu ardhi yote ilikuwa petali, zimelala nene zisizo na alama ya mguu wa mnyama wala wa mtu, na alipoinua macho kutoka kwenye petali hizo aliona kwamba hakuwa tena anaukaribia, alikuwa amesimama chini yake, na matawi yake yameshuka pande zote kama mapazia.

"Mama! Umekuja!"

Sauti ya Chiriku ilitoka juu. Si kilio, ilikuwa sauti yake ya kila siku, ile ya saluni, yenye haraka na kicheko ndani yake.

"Basi yule mama akaniambia, mimi nataka kama kwenye picha, nikamwambia mama, kwenye picha hii nywele ulikuwa nazo! Halafu unajua mwenye saluni alisema nini? Ngoja nikusimulie, na kuna lile gauni, na yule kaka wa duka la simu alinisalimia tena, mama, mara mbili..."

Maneno yalimwagika tawi baada ya tawi, maneno yote ya siku zile za ukimya, yote yalikuwa huku, na maua yalitikisika kwa raha kama watu wanaosikiliza redio. Fundi aliogopa kuliko alivyoogopa popote, kwa kuwa alitamani kukaa chini asikilize.

"Mrudishe," alisema.

Maneno yakakatika. Sauti kavu ikasema, "Ananiangalia vizuri."

"Atakufa. Na akifa utaangaliwa na nani?"

Petali moja ilishuka, ikatua begani kwake.

"Mimi nitakuangalia," Fundi alisema. Alikuwa mfanyabiashara, na sauti yake ya biashara ilikuja yenyewe. "Si kila siku. Siku moja kwa mwaka, siku unayochanua. Nitakuja mpaka hapa, nitakaa, nitakuangalia tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, na sitageuza macho. Kila mwaka, maadamu miguu inanibeba. Lakini mwanangu umfunge macho. Asikuone tena maishani."

"Na usipokuja?"

"Njia ya nyumbani unaijua."

Mti wote ulitikisika bila upepo. Halafu maua yote, yote, yakaachia matawi kwa pamoja, na Fundi akajifunika uso kwa mikono weupe ulipomwagika juu yake bila kishindo. Alipofumbua macho alikuwa chini ya matawi matupu, na kwa mbali sana honi ilikuwa ikilia, ikilia, honi ya mtu anayelia pamoja nayo.

"Naitika!" alipiga kelele. "Baba Chiriku, naitika!"

Mama mdogo aliwapokea mlangoni machozi na kicheko vimechanganyika. Chiriku alikuwa kitandani, macho mekundu, amejifunika mpaka kidevuni.

"Nina njaa," alisema. "Na huyu mama mdogo tangu nimeamka ananitazama kama nimekufa. Kuna nini? Nani amefunga dirisha kwa kitambaa cha hoteli? Mama, mbona una maua kwenye nywele?"

Fundi aliyatoa maua moja moja. Chiriku aliendelea kuongea mpaka chakula kikaiva, na akaongea akikila.

Mwaka ulikwenda. Chiriku alirudi saluni, akamaliza ule upande wa kichaka bure ili kuomba radhi. Yule kaka wa duka la simu alimsalimia mara nyingi zaidi, na mwisho akaja nyumbani na wazee wake. Msitu ulikuwa kijani. Fundi alishona mapazia, na mara nyingine, bila sababu, mkono wake ulisimama.

Baridi ilipoondoka na mvua za kwanza kushuka, aliamka alfajiri moja akasikia harufu ya asali. Alivaa kimyakimya, lakini Breki alikuwa ameshaketi ukingoni mwa kitanda, ufunguo wa gari mkononi.

"Tuhame," alisema. "Bado tunaweza. Tuchukue mtoto twende mbali."

"Atamfuata."

"Basi niende mimi."

"Wewe humwoni, Baba Chiriku."

Alimwendesha mpaka mwisho wa njia. Kulikuwa kunapambazuka Fundi alipoingia msituni, na safari hii miguu ilijua njia. Alijitayarisha kwa upweke. Alikuwa amejiambia kwamba atakaa peke yake na kile kitu siku nzima, na kwamba kukaa peke yake ndiko kutakuwa kugumu. Kwa hiyo alipoyasogeza matawi ya mwisho alisimama, mkono juu ya moyo.

Walikuwepo watu. Waliketi juu ya petali wameuzunguka mti, wanaume na wanawake, wengine wamevaa nguo za kawaida za mjini, wengine nguo za mishono ambayo Fundi, mtu wa vitambaa, hakuwahi kuiona ila kwenye picha za zamani. Wote walikuwa wameinua nyuso. Hakuna aliyegeuka.

"Jongea hapa, dada," alisema mzee mmoja, macho juu, akipapasa ardhi kando yake. "Kuna nafasi."

Fundi aliketi. Jua likatoka, mti ukachanua juu yao, na akaanza kuangalia.

Jua lilipozama walisimama mmoja mmoja, wakijikung'uta magoti, wakifikicha macho kama watu wanaotoka kwenye ukumbi wa giza. Hakuna aliyeuliza jina la mwenzake. Lakini wengine hawakusimama. Mama mmoja na kijana mmoja walibaki pale pale, petali zimewafika kifuani, petali za miaka mingi, zile za chini zimegeuka udongo, na ndani ya udongo huo mizizi myembamba ilikuwa imepita kwenye mikono yao.

"Na hawa?" Fundi alinong'ona. "Walishindwa kulipa?"

"Hapana," alisema yule mzee, na alisema kwa sauti ambayo ilikuwa karibu na wivu. "Hawa walimpenda."

Fundi alikimbia. Alikimbia mpaka taa za gari la mikate zikaonekana kati ya vigogo, mpaka akaona mumewe akija mbio mikono imenyooshwa, akamkumbatia, akasikia harufu ya unga kwenye shati lake, na akalia. Breki alimuuliza kama ameumia. Akasema hapana. Alimuuliza kama imekwisha. Akasema kwa mwaka huu imekwisha.

Gari likaondoka taratibu. Breki alishika mkono wake njia nzima, naye Fundi aliuacha mkono wake pale, akatazama barabara, akajaribu kufikiria harusi ya binti yake, kitambaa atakachomshonea, wageni, vyombo. Ndipo alipojikuta anahesabu miezi kimoyomoyo, na anasikitika kwamba mwaka ni mrefu.